Moto Uliohamishiwa Nje

"Mwanangu, una soksi za sufu ngapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza Cucu kwenye simu, siku mbili kabla sijatoka Mombasa. Nikamwambia ninazo jozi mbili. "Ongeza mbili," akasema, akanipa salamu za majirani na habari za ng'ombe, kisha akakata. Ilikuwa Julai. Sisi wa mtaa wa Tudor nasi huuita mwezi wa baridi, kwa kuwa kusi huwa imekaza na usiku mtu huvuta shuka mpaka mabegani. Sikujua wakati huo kwamba upepo wenyewe ni ule ule. Kusi ikishatupoza sisi pwani huendelea kwenda bara imebeba unyevu wa bahari. Ikifika kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua hupanda, hupoa, ikawa mawingu mazito yanayolala juu ya Karatina, Nyeri na Othaya kwa majuma mazima. Jua lipo, lakini liko juu ya wingu. Wakikuyu wana jina la majira hayo, gathano, na wakilitamka mara nyingi mabega hujikunja kidogo.

Cucu ni nyanya wa rafiki yangu tuliyekaa chumba kimoja chuoni. Anaishi Tetu, juu ya mji wa Nyeri, mahali ambapo mashamba ya chai yanapanda mpaka karibu yaguse msitu wa Nyandarua. Wangari Maathai alizaliwa upande huo, kijiji cha Ihithe, mwaka 1940, na Cucu akitaja jina lake hulitaja kama la mtu wa ukoo. Mimi alinichukua tangu siku ya kwanza, na tangu siku hiyo sijawahi kuruhusiwa kulipa hata nauli ya bodaboda ya kutoka barabarani.

Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni kama kilomita 150. Mpaka Sagana abiria walikuwa wamefungua madirisha. Tulipoanza kupanda kuelekea Karatina, dirisha moja likafungwa, la pili, kisha yote, na vioo vikaanza kutoa jasho. Nikashuka Karatina kutafuta kabuti, maana soko lake ni kubwa na upande wa mitumba hukosi kitu. Mama muuzaji alishika mkono wa jaketi langu kwa vidole viwili, akauachia. "Hii ni ya Nairobi," akasema kwa huruma, akanivika kabuti zito jeusi lililojazwa manyoya ndani, la mtu aliyewahi kutembea nalo kwenye theluji ya nchi nyingine. Nimekua nikiyaona marobota ya mitumba yakitoka bandarini kwetu, na sikupata kujiuliza makabuti yale mazito, ambayo Mombasa hakuna wa kuyavaa, huishia wapi. Pale Karatina nikayaona mabegani mwa watu: mzee anayeuza ndizi, makanga wa matatu, msichana wa shule juu ya yunifomu. Nikanunua na kofia ya sufu, ile wanayoiita marvin.

Nilifika Nyeri usiku umeshaingia, na gari la kupanda Tetu saa hizo halipatikani. Nikachukua chumba kwenye nyumba ndogo ya wageni. Chumba kilikuwa safi, sakafu ya saruji, na baridi yake ilipenya soksi kana kwamba nimesimama ndani ya maji. Kijana wa mapokezi, kwa wema kabisa, akaniletea jiko la makaa. Yalikuwa yameshika vizuri, mekundu, moshi hakuna. "Yakikolea hivi hayana neno," akaniambia. Nikamshukuru. Nikafunga dirisha, nikakunja leso yangu nikaiziba chini ya mlango kwa sababu upepo ulikuwa unaingia hapo, nikalala nimelielekea lile jiko na kujiona mwenye bahati.

Niliamka saa nane usiku. Kichwa kilikuwa kinagonga, kichefuchefu kimenijaa, na nilipotaka kusimama miguu haikunisikiliza. Nilidhani ni ugonjwa wa barabarani. Kilichoniokoa ni kiu. Maji yalikuwa kwenye mfuko nilioutundika mlangoni, na kwa kuwa sikuweza kutembea nilitambaa. Nikajishika kwenye kitasa nijiinue, mlango ukafunguka, hewa ya kule nje ikanipiga usoni. Nikabaki nimekaa kwenye ujia, mgongo ukutani, natetemeka, hadi adhana ya alfajiri.

Nitalieleza jambo hili polepole, kwa ajili ya mtu yeyote wa pwani atakayesafiri huko Julai. Makaa yanapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ikiingia mapafuni hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka mwilini kama kawaida huku ubongo na moyo vinakosa hewa. Mtu aliyelala hulala zaidi. Moshi ungemkohoza, ungemwamsha. Makaa mekundu yasiyo na moshi, yale tunayodhani yameshakuwa salama, hayamwambii kitu. Kila gathano husikika habari za nyumba ambayo asubuhi haikufunguliwa, na majirani wakavunja mlango.

Nilipofika Tetu asubuhi, Cucu aliposikia yaliyonipata hakupiga kelele. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama jicho moja moja, akaniketisha nje kwenye kigoda ingawa manyunyu yalikuwa yanaanguka, akaniletea uji wa wimbi uliochachuka. Nilipokunywa nusu ndipo akasema, "Jiko ni la kuota. Si la kulala nalo." Kisha akaniambia nimfuate jikoni.

Jiko la Cucu ni nyumba peke yake, hatua kumi na mbili kutoka nyumba kubwa. Kuta ni za udongo na fito, paa la mabati yaliyopigwa na moshi mpaka yakang'aa kama lami. Katikati kuna mawe matatu. Nyumba kubwa ni ya mawe ya kuchonga, ina madirisha ya vioo, sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na vyumba vitatu vya kulala. Moto haupo popote ndani yake. Nilikuwa nimelala nyumba hiyo mara kadhaa na sikupata kuliona hilo mpaka Cucu aliponionyesha, akisimama mlangoni pa jiko na kunyoosha mkono kule na huku.

Alizaliwa, akasema, katika nyumba ya mviringo ya mama yake. Moto ulikuwa katikati, vitanda pembeni, mbuzi ndani upande mmoja nao wakitoa joto lao. Moshi ulipanda taratibu ukapenya kwenye nyasi za paa. Nyumba yenyewe ilikuwa inapumua, na hakuna aliyelala mbali na mawe matatu. Kisha ikaja Hali ya Hatari, na katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikawakusanya watu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Waliporudi mashambani walijenga upya, na safari hii walijenga kwa pembe nne: mbao kwanza, mawe baadaye, mabati juu. Walimu na wauguzi walifundisha kuwa moshi unaharibu macho na mapafu, na wasemacho ni kweli kabisa. Jiko likatolewa nje. Nyumba zikawa safi, kuta nyeupe, na usiku zikawa baridi.

Nilitembea mjini Nyeri baadaye nikiwa na jambo hilo kichwani. Ukitazama majumba yaliyojengwa na walowezi, na hoteli ya Outspan ambapo Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliishi miaka yake ya mwisho na kufariki tarehe 8 Januari 1941, jicho linakwenda kwenye dohani. Walitoka nchi ya theluji na walijua kwamba nyumba ya mawe bila dohani ni pango. Watu wa Tetu walizichukua kuta za mawe, wakachukua na madirisha ya vioo. Dohani haikuja pamoja navyo. Ni gharama, hutaka fundi anayeijua, na hakuna afisa aliyekuja kijijini kuifundisha. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, yalipo mauti ya kila Julai. Watu hulaumiwa kwa ujinga wa kuingiza jiko chumbani. Mimi naona ni nyumba iliyonyimwa moto wake, na wenye nyumba wanajaribu kuurudisha kwa mikono usiku wa manane.

Usiku wa siku ile niliyofika kwake nilijifunza namna Cucu anavyolala. Saa moja tunaota moto jikoni, tunakula githeri, miguu karibu na mawe. Saa tatu anachemsha maji, anayatia kwenye chupa mbili za plastiki ngumu, anazifunga kwa matambara na kuziweka kitandani, moja ya miguu na moja ya tumbo. Blanketi mbili chini, si juu, kwa sababu baridi ya sakafu hupanda kupitia godoro. Ukutani amebandika magunia chini ya kitambaa cha maua. Nyumba haina dari, na mabati usiku hutoa jasho: mvuke wa pumzi zetu hupanda, hugusa bati lililopoa, hugeuka matone, na alfajiri tone moja hukuangukia shavuni. Ndiyo maana juu ya kila kitanda ametandaza karatasi ya nailoni, imeinamishwa upande mmoja, ina karai mwisho wake. Na dirisha la chumbani, hata katika baridi ile, liko wazi upana wa vidole viwili. Nililitazama kwa heshima.

Lakini baridi ya Tetu haiji na wingu peke yake: barafu yenyewe niliiona kwa Cucu safari ya nyuma, mwezi wa Aprili. Ilikuwa alasiri, saa tisa hivi, mbingu imekuwa ya zambarau upande wa msitu. Cucu alikuwa anaongea nami, akanyamaza, akaenda kuvaa gambuti. Sikuelewa. Kisha bati likapigwa mara moja, kama mtu ametupa kokoto, kisha mara kumi, kisha hakuna tena kuhesabu. Kwa Kikuyu mvua ya mawe huitwa mbura ya mbembe, mvua ya mahindi, na kwa dakika chache za mwanzo ni mahindi kweli, punje kwa punje. Baadaye yalikuja makubwa kama kunde zilizoshikamana pamoja, mpaka tukawa tunaonana midomo ikifunguka bila kusikilizana. Haikufika robo saa. Ilipokatika, ua lilikuwa jeupe, njia nyeupe, migomba imechanwa vipande vipande, na ukimya ulikuwa mkubwa kuliko zile kelele.

Wengi wanakumbuka Septemba 2008, kule Busara karibu na Nyahururu, ambapo mvua ya mawe ilifunika ardhi kwa tabaka nene la barafu na watu wakakusanyika kuitazama wakidhani theluji imewashukia. Ile ilipata wapiga picha. Ya Cucu ilipata sepetu mbili.

Paa lote la jiko lilikuwa limemwaga barafu yake nyuma, kwenye ukuta wake wa udongo, ambapo ardhi imekatwa na kuacha bonde dogo. Lundo lilinifika magotini. Nilitaka kuanza kuchota juu. Cucu akanizuia, akanipeleka upande wa chini, tukafungua mfereji kwanza, tukatoa majani na udongo ulioziba, ili maji yatakayoyeyuka yapate pa kwenda. Ndipo tukaanza kwenye ukuta wenyewe, tukitengeneza nafasi ya upana wa mtu kati ya barafu na udongo. Ukuta ule ukinywa maji usiku kucha, asubuhi hubaki fito. Na ilikuwa lazima tumalize kabla jua halijazama, kwani vile vijiwe vilivyolegea mchana vikishikana usiku huwa bamba moja ambalo sepetu inaligonga na kurudi. Tukarusha kuelekea majani ya ng'ombe, mbali na sukuma wiki zilizobaki. Vidole vyangu viliacha kuwa vyangu. Ng'ombe alisuguliwa mgongo kwa gunia kavu. Watoto wa jirani walijaza barafu kwenye bakuli na kuila kwa sukari, na hakuna aliyewakataza.

Chai niliiona kesho yake. Ule uso wa juu wa mashamba, ambao siku zote hunyooka kama zulia la kijani, ulikuwa umetobolewa, majani mawili na chipukizi lake vimelala chini vimeshaanza kuwa vyeusi. Mmea haufi. Lakini hadi machipukizi mapya yatoke ni majuma, na majuma hayo mtu hana kapu la kupeleka kwenye kituo cha kupimia. Cucu alisimama kati ya mistari, akavunja kijiti kimoja, akakinusa, akakitia mfukoni. Sikumuuliza kwa nini.

Siku ya saba ya safari hii ya Julai, nikiwa sijaona jua wala mlima, Cucu alisema, "Huku umefunikwa. Nenda Nanyuki ukauone kwa upande wa pili." Nikapanda matatu ya kupitia Kiganjo na Chaka. Muda mfupi baada ya Chaka wingu likaisha. Lilikatika kama pindo la kitambaa, na mbele yake nchi ya Kieni ilikuwa imelala kwenye mwanga, kavu, viazi na vitunguu na kondoo, anga lote wazi. Nikavua kofia. Mama aliyekaa karibu nami, mwenye magunia mawili ya mbegu za viazi kwenye buti, akacheka akasema nisiwaonee wivu. Wao adui yao ni hilo hilo anga wazi. Januari na Februari, usiku usio na wingu, joto la ardhi huruka kwenda juu bila kizuizi, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, hutelemka taratibu kama maji na kutuama mabondeni. Alfajiri viazi vya bondeni vimepakwa jalidi nyeupe. Jua likipanda, majani yanakuwa meusi kama yaliyochomwa. Jirani mwenye shamba mlimani, hatua mia mbili tu, hajaguswa. "Sasa unamwombea nani?" akaniuliza. Nilifikiria wingu la Tetu. Limemkosesha Cucu jua, lakini usiku linamfunika kama blanketi la tatu.

Naro Moru nilishuka. Mlima ulikuwa pale, wote. Batian, kilele chake cha juu, mita 5,199, kimesimama cheusi na michirizi myeupe mibichi ya usiku uliopita. Desemba 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa mgeni wa mfanyabiashara Kivoi huko Ukambani, aliuona mlima huu kwa mbali kutoka Kitui, akaandika kwamba una weupe juu. Mwaka mmoja kabla yake mwenzake Rebmann alikuwa ameripoti hivyo hivyo kuhusu Kilimanjaro, na kulikuwa na wataalamu Ulaya waliokaa vitini mwao na kukataa kwamba theluji inaweza kukaa penye ikweta. Wakikuyu na Wakamba na Wameru hawakuhitaji kuthibitishiwa. Cucu huiita theluji ira, neno ambalo ni pia la ile chokaa nyeupe ya kupaka katika matambiko, na anapoomba huelekea huko.

Mwanajiografia Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899 mito ya barafu ilikuwa 18. Mingi imetoweka. Ule mkubwa, Lewis, umepimwa tangu 1934, na kufikia 2010 ulikuwa umepoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake. Maji ya mito ya Nanyuki na Naro Moru hutoka zaidi kwenye mvua na msitu kuliko kwenye barafu ile, kwa hiyo sitamtisha mtu kwamba mifereji itakauka siku barafu ikiisha. Huzuni yangu ni nyingine. Nilisimama pale kando ya barabara, nimevaa kabuti la theluji ya watu wengine, nikitazama theluji yetu wenyewe ikiwa imebaki michirizi, na koo likanikaba. Nikaenda Nanyuki, nikanywa chai, nikarudi.

Siku mbili za mwisho tulikuwa na fundi. Rafiki yangu alituma pesa kutoka Nairobi, nami nikaongeza nilizokuwa nazo, baada ya usiku ule wa Nyeri kunipa sababu ya kushinikiza. Mpango ulikuwa wa Cucu mwenyewe: jiko la kuni la matofali, la kufungwa, lijengwe sebuleni likiwa limeegemea ukuta wa chumba chake, na bomba la bati lipande litoke juu ya paa. Mlango wa kuni ufungike. Moshi usiwe na njia ila ile moja. Fundi alitoboa bati, akazungushia lami isivuje, akashuka. Tukawasha. Moshi ukapanda, ukasita, ukarudi wote sebuleni, tukakimbilia nje tukikohoa.

Cucu alizunguka nyuma ya nyumba, akatazama juu kwa muda. "Limekuwa fupi," akasema. "Kilele cha paa kinalipita. Upepo ukivuka pale unaurudisha." Fundi alibisha kidogo, kisha akapanda na kipande kingine, mimi nikamshikia ngazi, manyunyu yakiniingia kwenye mikono ya kabuti. Akaunga. Bomba likapita kilele cha paa kwa urefu wa mkono mmoja. Tukawasha tena kwa maganda ya mahindi, kisha kuni nyembamba, kisha gogo. Moshi uliingia kwenye bomba kana kwamba umeitwa, na nje ukaonekana ukitoka, ukachanganyika na wingu.

Cucu aliingia chumbani kwake, akaweka kiganja ukutani, upande wa pili wa matofali.

"Bado," akasema.

Tukanywa chai ya tangawizi. Fundi akakusanya vyombo vyake, akalipwa, akaaga. Ng'ombe akakamuliwa. Giza lilipoanza kuingia Cucu alirudi mle ndani, nikamfuata na taa. Akaweka kiganja pale pale. Akakiacha. Kisha akavua kile kitambaa cha kichwa, akaegemeza shavu.